MENO YA NAKURU: ELIMU ILIKUWEPO, MBONA HAIKUTUFIKIA?



Ndugu msomaji, huenda unasoma kurasa hizi Magharibi ikiwa imekaribia, na mkekani zimeshawekwa tende na jagi la maji. Yatazame hayo maji kidogo kabla hujayanywa. Hayana rangi, hayana harufu, hayana tope. Sasa mtazame mdogo wako anapocheka. Ikiwa nyinyi ni watu wa Nakuru, Njoro, Rongai, Bahati, Gilgil ama Elementaita, basi si ajabu meno yake yakawa na madoa ya rangi ya kahawia. Vitu hivi viwili, maji yale na meno yale, vina uhusiano. Na wako watu walioujua uhusiano huo kabla hata ya babu zetu wengi kuoa. Makala haya ni historia ya elimu hiyo: ilipatikana vipi, ilifika vipi Kenya, na kwa nini ilikaa miaka mingi karibu na sisi bila kutuingilia nyumbani.

Naandika nikiwa na sababu. Mimi mwenyewe nina meno hayo. Nilipofika miaka 7 meno ya utotoni yalianza kung'oka, na yale ya ukubwani yakatoka na michirizi kama ya chai ya rangi. Mamangu, Allah amhifadhi, alidhani sipigi mswaki. Nilisuguliwa kwa chumvi, nikasuguliwa kwa majivu, nikasuguliwa kwa makaa mpaka ufizi ukatoka damu. Madoa yakabaki pale pale. Nikajifunza kucheka nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono, na wenzangu wengi darasani walikuwa wakicheka vivyo hivyo.

Nilipojiunga na chuo kikuu nikapangiwa chumba na kijana wa Mombasa. Siku ya kwanza tu akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, kwani wewe huvuta sigara?" Nikamwambia sijawahi kuvuta hata siku moja. Akanyamaza, lakini nilimwona hakuamini. Nami sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu sikuwa nikijua kwa nini meno yangu yako hivi. Miaka 19 nimeishi na kitu mdomoni mwangu na sikijui! Basi nikaingia maktaba kutafuta, na niliyoyapata ndiyo haya.

DAKTARI ALIYEWASIKILIZA WAZAZI

Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alihamia mji wa Colorado Springs huko Marekani. Alishangaa kuona wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Alipouliza, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wako waliosema ni kula nguruwe kupita kiasi. Wako waliosema ni maziwa mabaya. Wengine walishuku maji yenye chokaa nyingi. Madaktari wakubwa, kwa upande wao, hawakulijali jambo lenyewe. Ilimchukua McKay mpaka mwaka 1909 kumpata mtaalamu mashuhuri wa meno, G. V. Black, aje afanye naye utafiti.

Wawili hao waligundua mambo mawili. La kwanza, madoa hayo hayawapati watu wazima wanaohamia mjini. Huwapata watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi. La pili ni la ajabu zaidi: meno yale ya kahawia hayakuwa yakioza kwa urahisi. Lakini sababu yenyewe hawakuipata, na Black akafariki mwaka 1915.

Mwaka 1923 McKay akafika mji mdogo wa Oakley, katika jimbo la Idaho. Hapa, ndugu msomaji, ndipo mahali ninapotaka usimame kidogo. Wazazi wa Oakley walimwambia jambo ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amelisema. Walimwambia kwamba madoa yalianza kuonekana kwa watoto wao baada ya mji kujengewa bomba la maji kutoka chemchemi ya maji moto iliyo umbali wa maili 5. McKay akayapima maji yale kwa vyombo vya wakati huo, asione kitu. Mtu mwingine angewaambia wazazi wale, "Mmekosea, maji ni mazuri, nendeni mkapige mswaki." Yeye hakusema hivyo. Aliwashauri waliache bomba lile na watumie chemchemi nyingine ya karibu. Wakakubali. Baada ya miaka michache, watoto wadogo wa Oakley wakaota meno ya ukubwani yasiyo na madoa.

Jina la kitu kile lilipatikana mwaka 1931. Katika mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, watoto walikuwa na madoa yale yale. Mji huo ulikuwa wa kampuni ya aluminiamu, na mkemia wake mkuu, H. V. Churchill, alihofia watu watasema ni aluminiamu inayoharibu meno. Akayapima maji kwa mtambo wa kisasa zaidi. Akakuta madini ya floraidi kwa wingi ambao hakuutarajia, hata akamwamuru msaidizi wake akalete maji mengine yapimwe upya. Jibu likawa lile lile. Mwaka huo huo watafiti wa Arizona, na mwengine aliyekuwa Morocco, nao walifikia jibu hilo kwa njia zao.

Kwa hiyo tangu mwaka 1931 dunia imejua: floraidi ikizidi katika maji anayokunywa mtoto, meno yake ya ukubwani hutoka yakiwa na madoa. Si uchafu, si uvivu, si sigara, si laana.

KWA NINI BONDE LETU?

Sasa turudi nyumbani. Ukipanda juu ya Menengai ukatazama chini unaona mji wa Nakuru, ziwa, na upande wa Elementaita vilima vilivyochongoka. Eneo hili lote ni la volkano. Mawe na majivu yaliyotoka chini ya ardhi yana floraidi nyingi. Mvua inaponyesha, maji huzama, hupita katika mawe hayo kwa miaka mingi, na huyeyusha floraidi kidogo kidogo. Maji yetu ya chini yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Hilo ni muhimu, maana kalsiamu ndiyo ambayo ingeishika floraidi na kuituliza chini. Ikikosekana, floraidi hubaki ikielea majini. Na maji yakiwa moto huko chini, kama yalivyo sehemu nyingi za bonde hili, mambo huzidi.

Shirika la Afya Duniani limeshauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa kila lita. Sasa sikiza hii: katika Ziwa Nakuru ziliwahi kupimwa miligramu 2,800 kwa lita, na katika Ziwa Elementaita miligramu 1,640. Kipimo cha Nakuru hutajwa kuwa cha juu kabisa kuwahi kuonekana katika maji ya asili popote duniani. Maziwa hayo hayana mto wa kutoka. Maji huingia, jua huyakausha, madini hubaki. Vipimo hivyo ni vya miaka ya nyuma, kabla ziwa halijaanza kufurika tangu mwaka 2010 hivi. Hakuna anayekunywa maji ya ziwa lile, hilo ni kweli. Lakini linatuonyesha aina ya ardhi tunayochimba visima.

Maji ya mvua, kinyume chake, karibu hayana floraidi. Mito inayoshuka kutoka milimani nayo huwa na kiasi kidogo kuliko visima virefu. Ndiyo maana unaweza kukuta familia mbili za mtaa mmoja, watoto wa huku wana meno meupe na wa kule wana ya kahawia. Si kwamba mama mmoja ni msafi kuliko mwenzake. Ni kwamba mmoja alikinga mvua na mwengine alinunua mitungi ya mkokoteni kutoka kisimani.

ELIMU ILIYOKAA KABATINI

Utauliza: je, wataalamu wa Kenya hawakujua? Walijua. Mwaka 1953, miaka 10 kabla ya uhuru, jarida la madaktari wa Afrika Mashariki lilichapisha ripoti ya awali ya Williamson kuhusu meno yenye madoa nchini Kenya. Mwaka 1984 jarida hilo hilo likachapisha kazi ya Nair, Manji na Gitonga. Hawa walikusanya vipimo zaidi ya 1,000 vya maji ya chini kutoka kote nchini. Asilimia 61 ya vipimo ilizidi miligramu 1 kwa lita. Karibu asilimia 20 ilizidi miligramu 5. Asilimia 12 ilizidi miligramu 8. Na Bonde la Ufa lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizozidi.

Hiyo ni kazi nzito, nami nawashukuru walioifanya. Lakini hebu tujiulize, jarida lile lilikuwa likisomwa na nani? Lilikuwa la Kiingereza, tena Kiingereza cha madaktari. Lilikuwa Nairobi na katika maktaba za vyuo. Mama wa Bondeni au wa Kaptembwo, anayeamka alfajiri kutafuta mtungi wa maji, angelionea wapi? Na hata angeletewa mlangoni, "miligramu kwa lita" ni kitu gani kwake?

Wakati huo huo, mtaani kulikuwa na elimu nyingine. Wazee wengi wa upande wetu walijua kwamba kuna visima vya "maji mabaya ya meno". Nyanya yangu alikuwa akisema watoto waliolelewa shambani kwa maji ya mto walitoka na meno mazuri, na wale waliozaliwa baada ya kuhamia karibu na kisima cha mashine wakatoka na ya kahawia. Alikuwa akisema hivyo jikoni, huku akipika, na sisi tukimcheka. Kumbe bibi yule, bila shule, alikuwa ameona kitu kile kile walichoona wazazi wa Oakley mwaka 1923! Tofauti ni kwamba wale walimpata mtu wa kuwasikiliza.

Basi tulikuwa na pande mbili. Upande mmoja, wataalamu wenye vipimo na hawana masikio ya watu. Upande wa pili, watu wenye macho na hawana vipimo. Katikati hapakuwa na daraja, na aliyelipa gharama ni mtoto anayesuguliwa meno kwa makaa.

Tena kuna jambo lililozidi kututatanisha. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids huko Marekani ulianza kutia floraidi kidogo katika maji ya mji kwa makusudi, kwa sababu ilishajulikana kuwa kiasi kidogo huzuia meno kuoza. Tangu hapo floraidi ikatiwa katika dawa za meno, nasi tukasikia redioni kwamba inaimarisha meno. Mzazi wa Nakuru atafanya nini anapoambiwa asubuhi kwamba floraidi ni nzuri na jioni kwamba ni mbaya? Ataona wataalamu wanajipinga. Kumbe hawajipingi: ni kama chumvi katika mchuzi, kidogo hufaa na ikizidi huharibu. Lakini sentensi fupi kama hiyo, nani alitwambia?

WALIOTANGULIA WALIANDIKIA WATU

Ndugu msomaji, tusidhani kwamba elimu kubwa lazima isemwe kwa namna ngumu. Katika historia yetu wapo mabingwa wa tiba waliolifikiria jambo hili zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Abubakar Muhammad bin Zakariyya al-Razi, aliyefariki karibu na mwaka 925, aliandika vitabu vizito vya kusomwa na madaktari. Lakini aliandika pia kitabu alichokiita Man la Yahduruhu al-Tabib, yaani kitabu cha yule ambaye hana daktari wa kumhudhuria. Alikiandika kwa ajili ya maskini, wasafiri na watu wa kawaida, akawatajia dawa zinazopatikana jikoni na sokoni. Baada yake Ibn Sina, pamoja na kitabu chake kikubwa cha tiba, alitunga pia shairi refu la Kiarabu lenye misingi ya tiba, ili yasomwe kwa moyo. Sisi tuliopitia madrasa tunajua maana ya hilo: ukihifadhi ubeti, umeihifadhi kanuni.

Na hapa Kenya je? Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Mombasa gazeti lake dogo, Sahifa, na mwaka 1932 akatoa al-Islah. Yeye alikuwa mwanachuoni mkubwa, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Angeweza kuandikia wanavyuoni wenzake tu kwa Kiarabu. Lakini aliona watu wake wanahitaji kuyajua mambo ya dini na ya dunia kwa lugha wanayoiota usingizini, akawaandikia Kiswahili. Linganisha miaka: jibu la meno lilipatikana mwaka 1931, na wakati huo huo Mombasa palikuwa na sheikh anayeonyesha kwa vitendo jinsi elimu inavyofikishwa. Laiti mambo hayo mawili yangekutana!

MAKAA YA MIFUPA NA SWALI LA HALALI

Sasa tuje karibu zaidi na siku zetu. Mwaka 1998 Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru, kupitia mpango wake wa maji, ilianza kutengeneza vichujio vya kuondoa floraidi. Haki isemwe: ndugu zetu hao walifanya kazi ya maana kwa watu wote wa bonde hili bila kuuliza dini, na baadaye walishirikiana na watafiti wa taasisi ya maji ya Uswisi. Njia yao ni makaa ya mifupa. Mifupa ya wanyama huchomwa katika tanuri maalumu kwa moto mkali na hewa kidogo, kisha husagwa kuwa chembechembe na kupangwa ndani ya ndoo ya nyumbani au tangi la shule. Maji yakipita, floraidi hunaswa na chembe zile, kwa sababu mfupa na jino vimeumbwa kwa madini ya jamii moja na floraidi hupenda kushikamana nayo. Makaa hayo huchoka baada ya muda, na lazima yabadilishwe au yasafishwe upya.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mgeni katika madrasa yetu ya mtaani kutueleza kuhusu kichujio cha namna hiyo. Simtaji yeye wala ofisi yake, maana nia yake ilikuwa njema. Alizungumza karibu nusu saa, Kiingereza kingi, na takwimu juu ya takwimu. Alipomaliza, mzee mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, hiyo mifupa ni ya mnyama gani?" Mgeni akajibu kwa haraka kwamba watu wasiwe na wasiwasi, mifupa imechomwa kwa moto mkali na hakuna kijidudu kinachobaki. Mzee akarudia. Mgeni akarudia. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Umeona kilichotokea? Mzee aliuliza kuhusu halali, akajibiwa kuhusu vijidudu. Mgeni alidhani anakabiliana na ujinga, kumbe anakabiliana na swali la elimu nyingine kabisa, lenye vitabu vyake na maulamaa wake. Kichujio hakikuwekwa. Watoto wakaendelea kunywa maji yale yale.

Baadaye maalim wetu alitufafanulia kwamba mgeni alihitaji kujibu maswali matatu tu. Mnyama ni yupi, ng'ombe au nguruwe? Kama ni ng'ombe, alichinjwa kisheria au ni mfu? Na moto umekibadilisha kitu kiasi gani? Maulamaa wana maneno katika hayo. Kwa Mahanafi mfupa wa mnyama mfu si najisi, isipokuwa wa nguruwe. Sisi Mashafii ni wakali zaidi katika jambo hilo. Iko pia mas'ala ya istihala, yaani kitu kugeuka kikawa kitu kingine, nayo ina khilafu. Mimi si wa kutoa fatwa, waulizwe masheikh. Ninachosema ni kwamba machinjio mengi ya ng'ombe hapa Kenya huchinja kwa mikono ya Waislamu, kwa hiyo huenda jibu lilikuwa jepesi tu. Lakini hakuna aliyelitafuta, kwa sababu hakuna aliyelisikia swali.

Tena makaa ya mifupa si njia pekee. Huko India, katika miaka ya 1970, wataalamu walitengeneza njia inayoitwa Nalgonda, kwa jina la mji wenye tatizo kama letu. Wao hutumia shabu na chokaa, vitu vinavyojulikana vizuri katika nyumba za Kiswahili. Huchanganywa majini, uchafu hutuama chini pamoja na floraidi, na maji ya juu hutekwa. Hapo jirani Tanzania, katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha, njia zote mbili zimefanyiwa majaribio. Kwa hivyo mtu angetaka kutupa hiari, hiari zilikuwepo.

NAMI NIKAFELI

Usidhani nawalaumu wengine nikijiona bora. Nilipomaliza kusoma haya yote nilirudi nyumbani likizo nikiwa nimejaa elimu kama mtungi. Maalim akaniomba nizungumze na wazazi baada ya swala ya Alasiri. Nilijitayarisha usiku kucha. Nikaandika ubaoni alama ya floraidi, nikataja 1901, nikataja 1931, nikataja miligramu 1.5. Nilipouliza kama kuna swali, mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni akasema, "Mwanangu, Allah akubariki. Sasa nikitoka hapa leo, huyu nimpe maji gani?"

Wallahi sikuwa na jibu. Nilikuwa na historia yote ya dunia na sina jibu la kikombe kimoja cha maji. Nilisimama pale na chaki mkononi, nikaona nimefanya kama yule mgeni. Hata yeye angalau alikuwa ameleta kichujio.

Ilibidi nianze upya. Safari hii nilianza kwa kuuliza. Niliwauliza akina mama wanapata maji wapi, na ikadhihirika kuwa ni sehemu tatu: mfereji, mkokoteni wa kisimani, na mvua kwa wenye mapipa. Tukachukua chupa moja ya kila aina, mwenzangu wa chuo anayesoma kemia akasaidia zipimwe. Maji ya kisima yalipita kipimo mara kadhaa. Ya mfereji yalizidi kidogo. Ya mvua karibu hayakuwa na kitu. Siku ya pili ya mazungumzo sikuandika namba yoyote ubaoni. Nilipanga chupa tatu mezani, nikasema: hii ni ya kunywa mtoto na kupikia uji wake, hii ni ya dharura, hii ni ya kufulia na kuogea. Yule mama akacheka, akasema, "Ungesema hivyo tangu siku ile!"

Wazazi wakachanga, Alhamdulillahi, na leo madrasa ina tangi la kukinga mvua. Habari ya kichujio bado iko mikononi mwa maalim, anatafuta majibu ya maswali yake matatu kwa maandishi.

YA KUSHIKA

Kama utasahau miaka na majina yote, shika haya machache.

1. Hatari kubwa ya madoa ni kwa mtoto tangu kuzaliwa mpaka kama miaka 8. Maji mazuri yakiwa machache, yeye ndiye wa kwanza.

2. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakichemka sana hupungua na floraidi hubaki, kwa hiyo huzidi ukali. Chemsha kwa ajili ya vijidudu, usichemshe kwa ajili ya meno.

3. Kinga mvua. Safisha paa na mifereji, yaache maji ya mwanzo yapite, na funika tangi.

4. Punguza magadi katika maharagwe na githeri ya watoto. Magadi ya maeneo yetu yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Na mmea wa chai hukusanya floraidi, basi chai kali ya daku si ya mtoto mdogo.

5. Dawa ya meno usiache. Mtoto atiliwe kiasi kidogo tu, na afundishwe kutema.

6. Ukiuziwa maji au ukichimbiwa kisima, uliza: "Floraidi ni ngapi?" Ikizidi 1.5, uliza tena: "Sasa mtafanya nini?" Maana si meno tu; kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa na viungo huumia.

7. Usimsugue mtoto kwa makaa wala mchanga. Madoa yako ndani ya jino. Mpeleke kwa daktari wa meno, na usimwambie ni mchafu.

Vijana wenzangu, wengi wetu sasa tuko vyuoni. Kuna anayesoma udaktari, kuna anayesoma uhandisi, kuna anayesoma kilimo. Mwezi huu tukirudi nyumbani tutaketi mikeka mimoja na wazazi, nyanya na wadogo zetu. Tusiwe kabati lingine la kufungia elimu. Muulize nyanya yako aliona nini, kisha mwambie ulichosoma, kwa lugha anayoombea dua. Na wataalamu wanapokuja mtaani, tuwakaribishe na tuwasaidie kulisikia swali tunalowauliza, siyo lile walilojitayarishia.

Yule mwenzangu wa chumba wa Mombasa nilimweleza kisa hiki chote. Aliniomba radhi. Kisha akaniuliza kama visima vya kwao Pwani navyo vimepimwa. Nilimwambia aanze kwa kuwauliza wazee wa kwao.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, atutakabalie funga zetu, na awape watoto wetu maji mema na kicheko kisichozibwa kwa mkono. Ramadhan Karim.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.